Maonyesho ya Sanaa Dar es Salaam: Ni kwa Ajili ya Nani?

Kila siku tangu alfajiri makondakta wa daladala huita "Makumbusho! Makumbusho!" na umati wa wafanyakazi hushuka katika kituo hicho na kwenda zao. Jina limetokana na Kijiji cha Makumbusho, kilichofunguliwa mwaka 1967 kando ya Barabara ya Bagamoyo ili kuonyesha nyumba na kazi za mikono za makabila yetu. Jina linajulikana mji mzima, lakini walioingia ndani ni wachache. Tunaanzia hapo kwa sababu uhakiki wa maonyesho ya sanaa mjini hapa hauwezi kuishia katika kuuliza kama picha ni nzuri au mbaya. Hapana budi tuulize pia: picha hiyo inazungumza na nani?

Mahali pa kuonyesha papo. Iko Makumbusho na Nyumba ya Utamaduni ya Mtaa wa Shaaban Robert, ambayo mkoloni aliifungua mwaka 1940 kwa jina la Mfalme George wa Tano. Viko vituo vya utamaduni vya nchi za Ulaya, ambavyo huwapa ukumbi wachoraji wetu vijana. Iko Nafasi Art Space ya Mikocheni, iliyoanzishwa mwaka 2008, ambako wasanii hufanya kazi ndani ya makontena. Uko Ushirika wa Tingatinga, Oysterbay, na wako wachonga vinyago wa Mwenge. Kinachokosekana ni mtazamaji wa tabaka la wafanyakazi. Katika ukumbi mmoja tulioutembelea, maelezo yote ukutani yalikuwa ya Kiingereza na bei zilikuwa za dola. Hapo mfanyakazi hakufukuzwa na mtu. Alielezwa tu, bila ya kutamkiwa, kwamba hakualikwa.

Tuchukue mfano wa Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru akaja kuwa kibarua mjini. Mwaka 1968 alianza kuchora kwa rangi za mafuta za kupakia baiskeli juu ya vipande vya ubao wa dari. Katika kazi zake bora mnyama mmoja hujaza ubao, mistari yake haitetereki, na nyuma yake hakuna pambo la bure. Alifariki mwaka 1972, na wanafunzi wake wakaendeleza mtindo huo. Huu ni ushindi wa kibarua kwa vifaa vya kibarua. Lakini mnunuzi tangu mwanzo alikuwa mgeni wa Oysterbay, na mnunuzi ndiye aliyekuja kuamuru mada. Ndiyo maana leo tunaona Kilimanjaro ile ile na tembo yule yule. Wapo wachoraji wa mtindo huo wanaochora soko, hospitali na daladala, na kwa maoni yetu hizo ndizo kazi zao zenye uhai zaidi. Tusimlaumu msanii anayelisha watoto. Lawama ni ya utaratibu ulioacha soko la watalii liwe mhakiki mkuu wa sanaa ya taifa.

Matokeo yake yanaonekana. Mwaka 1956 Sam Ntiro alichora wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Picha hiyo ni mali ya Museum of Modern Art, New York. Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa mwaka 1972 na ambako George Lilanga alifanya kazi, haipo tena pale ilipokuwa. Mtoto wa Machame anayetaka kusimama mbele ya picha ile itambidi avuke bahari.

Wako ndugu wanaosema kwamba mwenye njaa hahitaji picha. Hoja hii inasikika kama ya kimapinduzi, lakini ni dharau kwa umma. Mama wa Manzese akinunua kanga huangalia rangi, huangalia mji wake na pindo lake, husoma jina lake, kisha huikataa na kudai nyingine. Huyo ni mhakiki. Hajashindwa kuelewa sanaa. Ni maonyesho yaliyoshindwa kumfikia.

Kwa hiyo tunasema haya. Kwanza, maelezo na mijadala ya kila onyesho yawe kwa Kiswahili. Pili, picha zitoke ukumbini ziende Kariakoo, viwandani, shuleni na katika kituo kile cha Makumbusho, na msanii asimame kando ya kazi yake ajibu maswali. Tatu, vyombo vya umma vitenge fedha kila mwaka za kununua kazi bora, ili msanii asiwe na mteja mmoja tu, yaani mtalii.

Nasi tujikosoe. Wengi wetu tunaoandika juu ya utamaduni wa umma tumehudhuria maonyesho kwa kadi za mwaliko, tukanywa soda, tukaondoka. Safari ijayo tusiende peke yetu.