Kuokoka au Kuokolewa: Kauli ya Kitenzi na Mwitikio wa Msikilizaji katika Tafsiri ya Muungano na Ushuhuda wa Uamsho

Mahubiri ya wokovu kwa Kiswahili huishia mahali pamoja: msikilizaji hutakiwa aitikie, na mwitikio wake hupimwa kwa neno moja, *nimeokoka*. Neno hilo limezua ubishi katika makanisa ya Afrika Mashariki tangu siku za Uamsho. Wapo wanaolitamka kama ungamo la imani, na wapo wanaoliona kuwa majivuno ya mtu anayejitolea hukumu kabla ya siku ya hukumu. Kwa kawaida ubishi huo huachiwa wanateolojia. Hapa unajadiliwa kwa misingi ya sarufi na ya fasihi simulizi, kwa kuwa sehemu kubwa ya yanayobishaniwa imo ndani ya umbo la kitenzi chenyewe. Hoja inayotetewa ni kwamba *nimeokoka* limeundwa kwa kuchanganya matumizi mawili ya Biblia, kwamba mchanganyiko huo umemwacha mtendaji nje ya kitenzi, na kwamba ushuhuda, kama utanzu, huwa imara au hafifu kwa kadiri unavyomrudisha mtendaji huyo.

Swali la mlinzi wa gereza

Kisa kinachorejelewa mno na wahubiri ni kile cha mlinzi wa gereza la Filipi katika Matendo ya Mitume 16. Tetemeko limefungua milango, mlinzi amefuta upanga ili ajiue, Paulo amemzuia, naye anauliza afanye nini. Katika matini ya Kiyunani, swali la mlinzi na jibu la Paulo na Sila yote yametumia kitenzi *sozo* katika kauli ya kutendwa. Wafasiri wa Tafsiri ya Muungano, Biblia iliyotoka mwaka 1952 baada ya juhudi ya kuunganisha mapokeo ya Kiunguja na ya Kimvita, hawakuandika *kuokolewa*. Waliandika *kuokoka* katika swali na *utaokoka* katika jibu.

Ni rahisi kuliita jambo hili kosa la tafsiri, na pengine rahisi mno. Kiswahili hutofautisha mlango *uliofunguliwa* na mlango *uliofunguka*. Wa kwanza una mkono nyuma yake, wa pili unatazamwa katika hali yake tu. Mtu aliyenusurika kuzama husemwa kwamba ameokoka, na msikilizaji haulizi ni nani aliyemvuta majini isipokuwa akitaka kujua zaidi. Matendo 27 yenyewe hutumia kitenzi hichohicho Paulo anapowaonya askari kuhusu mabaharia wanaotaka kuitoroka merikebu. Mlinzi wa Filipi yumo katika hali inayofanana na ya abiria wale: ardhi imetikisika, na maisha yake yamo hatarini mbele ya wakuu wake. *Kuokoka* kwake kuna maana ya kunusurika kabla hakujawa na maana ya kidini. Wafasiri walimpa neno ambalo mtu mwenye hofu angelitamka. Kwa usanifu wa mazungumzo, uteuzi huo ni mzuri kuliko ule ambao uaminifu wa kisarufi ungeudai.

Ila uteuzi huo una gharama. Kauli ya kutendwa hupokea mtendaji kwa *na*: mtu huokolewa *na* mwokozi. Kauli ya kutendeka haimpokei. *Ameokoka na* hufuatwa ama na hatari iliyoepukwa, ama na mwenzi aliyeokoka pamoja naye. Anayeokoa hana nafasi hapo. Msikilizaji akiulizwa *umeokolewa na nani*, anajua la kujibu. Akiulizwa *umeokoka na nani*, huenda akadhani anaulizwa habari za mke wake. Na katika jibu la Filipi *na* iliyopo ni ya mwenzi kweli, kwani mlinzi anaahidiwa pamoja na watu wa nyumbani mwake. Jambo hilo hupitwa haraka na mahubiri yanayomtaka kila mtu asimame peke yake.

Si kila mahali wafasiri walifuata mkondo huu. Waefeso 2:8, panaponenwa habari za neema, pana *mmeokolewa*. 1 Timotheo 2:4, panaponenwa habari za mapenzi ya Mungu kwa watu wote, pana kauli ya kutendwa pia. Kwa upande wa pili, Marko 16:16, Yohana 10:9 na Warumi 10:9, ambamo mtu anatakiwa aamini, aingie au akiri, zina *ataokoka* au *utaokoka*. Mwelekeo unaojitokeza ni huu: Mungu anapokuwa kiini cha sentensi, mtu huokolewa, mtu anapopewa sharti la kulitimiza, huokoka. Huo ni mwelekeo wa jumla, wala haupaswi kugeuzwa kuwa kanuni. Unabii mmoja wa Yoeli 2:32 umetafsiriwa kwa *ataponywa* katika kitabu cha nabii mwenyewe, kwa *ataokolewa* katika Matendo 2:21, na kwa *ataokoka* katika Warumi 10:13. Vivyo hivyo, maneno yaleyale ya Kiyunani kuhusu imani ya mtu yametoa *imekuokoa* kwa mwanamke mwenye dhambi katika Luka 7 na *imekuponya* kwa kipofu wa Yeriko katika Luka 18, kana kwamba mwanamke amepata jambo la roho na kipofu jambo la mwili tu. Hapo ndipo tafsiri inapostahili lawama kubwa kuliko Filipi, kwa kuwa imetenga mambo mawili ambayo Luka aliyaunganisha kwa makusudi.

Kutoka -ta- hadi -me-

Katika aya zote za sharti zilizotajwa, kitenzi kimo katika wakati ujao. Ahadi imetolewa kwa *-ta-*. Ushuhuda huijibu kwa *-me-*. Badiliko hili la mofimu moja ndilo lililogawanya makanisa.

Uamsho wa Afrika Mashariki ulichipuka katika miaka ya 1930 kwenye kituo cha misheni ya Kianglikana cha Gahini, Rwanda, ukaenea Uganda, Kenya, Tanganyika na Burundi. Kutoka Kiganda ukaleta jina *balokole*, yaani waliookoka, ambalo Kiswahili kimelifanya *walokole*. Wafuasi wake walidai kwamba wokovu hujulikana sasa, na kwamba anayejua hana budi kusema. Madai hayo hayakupokelewa kwa upole. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa chuo cha teolojia cha Mukono, William Nagenda akiwa miongoni mwao, walifukuzwa kutokana na msimamo wao wa kiuamsho. Waliowapinga hawakuwa watu wasioamini. Walikuwa viongozi wa kanisa lilelile, ambao kwao mtu aliyebatizwa na kuishika imani hakuwa na haja ya cheo kingine.

Kwa upande wa sarufi, wanauamsho wana tetesi nzito. *-me-* ya wokovu haikubuniwa nao: imo katika Waefeso 2:8. Lakini pale imeshikamana na kauli ya kutendwa. Anayesema *nimeokoka* amechukua kitenzi cha Filipi na kukivika hali timilifu ya Efeso. Amelipata *sasa* la Efeso pasipo mkono wake. Na katika Kiswahili *-me-* ikikutana na kitenzi cha hali huzaa hali inayodumu zaidi ya kuripoti tukio, kama vile *amechoka*, *amelewa*, *amesimama*. *Nimeokolewa* ingekuwa taarifa ya jambo alilotendewa msemaji. *Nimeokoka* ni maelezo ya jinsi msemaji alivyo. Wanaoisikia kama majivuno hawajasikia vibaya. Wamesikia kile ambacho kauli ya kitenzi inakiruhusu.

Mtendaji anaporudi

Hata hivyo kitenzi hakisimami peke yake. Ushuhuda wa Uamsho ni utanzu wenye umbo thabiti, wenye fanani, hadhira na fomula zake. Fanani huinuka, huisalimu hadhira kwa *Bwana asifiwe* na kuitikiwa, kisha hutamka kwamba Yesu ni Bwana na Mwokozi wake, na baada ya hapo tu ndipo husema kwamba ameokoka na lini. Mfuatano huu umezoeleka hata ukadhaniwa kuwa adabu tupu. Sarufi yake inafaa kuangaliwa upya. Kiambishi *-zi* katika *Mwokozi* hutaja atendaye, kama katika *mlinzi* na *mlezi*. Ilhali *-vu* katika *wokovu* hutaja hali, kama katika *uchovu* na *utulivu*. Kitenzi *okoka* na nomino *wokovu* viko upande mmoja, upande wa hali. Mtendaji ana makao mamoja tu katika familia hii ya maneno, nayo ni nomino *Mwokozi*. Fomula ya kwanza basi inafanya kazi ambayo kitenzi cha pili hakiwezi kuifanya: humtaja mwenye mkono kabla mlango haujasemwa umefunguka. Mahali ambapo fomula imekatwa, mtu akajitambulisha kwa *mimi nimeokoka* tu, kama anayetaja kabila au kazi yake, maana imebadilika ijapokuwa neno halikubadilika.

Kasoro kubwa zaidi ya utanzu huu iko katikati yake. Shuhuda nyingi hukaa kwa raha kwenye maisha ya kale. Ulevi, wizi, uzinzi na safari za kwa waganga husimuliwa kwa ufundi, kwa majina ya vilabu na kwa vicheko vya hadhira. Kisha wokovu wenyewe hupita kwa kitenzi kimoja, na msimulizi huruka hadi amani aliyo nayo leo. Msikilizaji anayetaka kujua aitikie vipi hubaki na picha nzuri ya dhambi na jina la hali ambayo hakuonyeshwa njia yake. Baadhi ya wahubiri hulijaza pengo hilo kwa *kukata shauri*, na kwa sala ya toba inayofuatishwa kipande kwa kipande. Msamiati huo una faida ya kuonyesha kwamba jambo limeamuliwa. Lakini shauri ni neno la baraza, la watu wanaojadiliana hadi wafikie mwafaka, na hapa msikilizaji hukata shauri ambalo hakupewa nafasi ya kulijadili.

Uamsho wa awali ulilijaza pengo hilohilo kwa namna iliyo bora zaidi kisimulizi. Waliotubu walirudisha vitu walivyoiba na kuomba radhi kwa waliowakosea, Waafrika kwa Wazungu na Wazungu kwa Waafrika. Ushuhuda wenye tendo hilo una mhusika wa tatu, yule aliyerudishiwa, naye anaweza kuulizwa. Kielelezo chake ni Zakayo katika Luka 19, aliyeahidi kurudisha mara nne mbele ya watu waliomjua. Katika kisa hicho Yesu hasemi kwamba Zakayo ameokoka. Wokovu ndio unaofanywa kiima cha sentensi. Ndio unaofika nyumbani kama mgeni, na mwenye nyumba hupokea. Ni ajabu kwamba wahubiri wanaomtaja Zakayo kila mara kwa ajili ya mkuyu wake hawajaifanya sarufi hiyo kuwa fomula ya ushuhuda.

Limebaki umbo la kukanusha. Anayesema *nimeokoka* huwa na jirani anayemtaja kwa *hajaokoka*, na jirani huyo mara nyingi ni Mkristo aliyebatizwa utotoni, anayehudhuria ibada kila Jumapili. Neno hilo humuumiza, na ana haki ya kuumia, maana anahukumiwa kwa kutotamka umbo fulani la kitenzi. Lakini wasemaji hawakuchagua *hakuokoka*, ambalo lingefunga habari yake kama ya mtu aliyezama na merikebu. Walichagua *-ja-*, mofimu ya jambo ambalo halijawa na bado linangojewa, na ambayo haimruhusu anayeitumia kuacha kumngojea jirani huyo.