Heko kwa Fundi wa Pangaboi

Joto la Januari Dar es Salaam halina huruma, na pangaboi likianza kuzunguka kivivu, mwenye nyumba huamini mota imeungua. Fundi mzuri haamini upesi hivyo. Huzima umeme kwenye meni swichi, hulizungusha kwa mkono na kutega sikio. Likienda kwa wepesi bila mkwaruzo, beringi ni nzima. Umeme ukirudi likaunguruma tu mpaka lisukumwe kwa fimbo, mshukiwa wa kwanza ni kapasita, kidude cha mikrofaradi 2.5 hivi, cha bei ndogo kabisa. Hapo ndipo anapostahili heko: huanza na kosa rahisi kabla ya kutaja kusuka mota upya.

Watasema kubadili kapasita hata mtoto anaweza. Kubadili, naam; kujua kwamba ndiyo yenye kosa ni kazi nyingine. Tazama pangaboi linaloyumba: wengi hukaza skrubu wakaondoka (na wiki ijayo wakaitwa tena), ilhali yeye hushika rula akapima kutoka darini hadi ncha ya kila panga, na lililoshuka hata kidogo hulinyoosha taratibu mkono unaolishika. Wapo pia wanaolipisha kusuka mota isiyoungua, si uongo. Lakini mota iliyoungua hunuka, na koili zake huwa nyeusi. Fundi ninayemsifu hufungua kifuniko mbele ya mteja, wakaziangalia pamoja, ndipo bei itajwe.