“Maasai Mbili” na kimya cha kumbi za sanaa

Mwalimu mmoja, rafiki yangu wa miaka mingi, hulichukia jina Maasai Mbili. Kila akilisikia huuliza, “Kwani hao ni watu ama ni nyumba?”

Maasai Mbili ni studio ya wasanii mtaani Kibera, Nairobi. Ilianzishwa mwaka wa 2001 na Otieno Gomba na Otieno Kota, waliokuwa wakiandika mabango. Majina yao yatosha kukwambia kwamba Umaasai wenyewe ni wa utani. Tangu hapo wasanii kadhaa wamefanya kazi chini ya paa hilo, na majirani huziona kazi zao papo hapo mtaani.

Kisarufi, mwalimu yuko sawa. Nomino za viumbe hai huchukua upatanisho wa A-WA: Wamaasai wawili. “Mbili” ni ya I-ZI: nyumba mbili, kalamu mbili. Mwanafunzi akiandika “Maasai mbili” katika insha, sitamtetea.

Lakini hebu tusijifanye Kiswahili sanifu kimenyooka kama rula. Twasema “rafiki zangu” na “ndugu zangu” bila haya, kisha twarudi kwenye “rafiki wawili”. Isitoshe, jina la pekee halisahihishwi kwa kalamu nyekundu. Jina hili limehifadhi Kiswahili cha Nairobi jinsi kinavyosemwa: watu mbili, watoto tatu. Mwandishi wa mabango humwandikia mpita njia. Asiposomeka, analala njaa.

Kinachonikera mimi ni kingine. Majuzi nilihudhuria maonyesho katika ukumbi mmoja jijini, ya wasanii wanaotumia studio moja. Kazi zao zilinifurahisha. Vibandiko vya maelezo, vyote kwa Kiingereza, vilinisikitisha. Hapakuwa na neno la Kiswahili, hata “Karibu”. Wasanii wenyewe walikuwa pembeni, wakibishana kwa Kiswahili na Sheng kuhusu mwanga na bei ya rangi.

Bawabu alinisogelea mbele ya picha moja. “Mzee, hapa wameandika nini?” Nikamfasiria. Akaitazama tena, safari hii kwa muda mrefu. “Kumbe ni mama anangoja matatu! Na mimi nimekaa nayo wiki mzima.”

“Wiki mzima” pia ni kosa. Sikumrekebisha. Aibu ilikuwa yetu sisi tuliomwacha wiki nzima na picha ambayo hakuna aliyemweleza kwa lugha yake.

Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Msamiati nao upo: mchoro, kinyago, rangi ya mafuta, rangi ya maji. Picha isiyo na jina ni “Bila Anwani”, basi. Anayewaalika wananchi waje kutazama sanaa kisha akawaeleza kwa lugha ambayo wengi wao hawaimudu vyema, amewaalika nusu.

Nimemwambia rafiki yangu kwamba kosa la Kibera angalau lina maneno ya kusahihishwa. Kimya cha kumbi zetu hakina hata silabi. Wenye kumbi, andikeni vibandiko kwa lugha zote mbili. Mkikosea ngeli, tupo, tutawasahihisha.