Mahali pa Jicho: Ufundi wa Kuelekeza Mtazamo katika Usanifu wa Kompyuta

Jengo lililosanifiwa kwa kompyuta halina mbele wala nyuma mpaka mtu aamue kulitazama kutoka upande fulani. Kinachohifadhiwa ndani ya mashine ni orodha ya nukta, kila moja ikiwa na namba tatu zinazoonyesha mahali pake katika urefu, upana na kimo, pamoja na maelezo ya jinsi nukta hizo zinavyoungana kuwa kingo na nyuso. Picha inayoonekana kwenye skrini hukokotolewa upya kila mara kwa kuzingatia jicho limesimama wapi, linaelekea wapi na linakusanya eneo pana kiasi gani. Mara nyingi uamuzi wa mambo hayo matatu huachiwa programu, kana kwamba ni suala la mapambo, ilhali humo ndimo hujulikana kama msanifu anakielewa anachokionyesha.

Kanuni za perspektivu, yaani mchoro unaofanya vilivyo mbali vionekane vidogo na mistari sambamba ielekee kukutana, ziliandikwa na Leon Battista Alberti mwaka 1435. Kompyuta ilizipokea baada ya zaidi ya karne tano. Mwaka 1963, katika chuo cha MIT nchini Marekani, Ivan Sutherland alikamilisha programu ya Sketchpad, iliyochora maumbo bapa kwa kalamu ya nuru. Mwaka huohuo Timothy Johnson aliipanua ifikie maumbo yenye kina, skrini ikigawanywa ili kuonyesha kwa pamoja sura ya juu, ya mbele, ya ubavuni na perspektivu, na Lawrence Roberts akaeleza njia ya kuificha mistari iliyo nyuma ya nyuso zilizo karibu.

Mgawanyo huo wa skrini ungali unatumika hadi leo, na una sababu yake. Sura ya juu, ya mbele na ya ubavuni ni mitazamo sambamba, ambamo miali ya kutazama haikutani kwenye jicho moja bali husafiri bega kwa bega, hivyo kitu hakipungui ukubwa kwa kuwa mbali. Mmojawapo wa mitazamo ya namna hii ni isometria, iliyofafanuliwa na William Farish wa Cambridge mwaka 1822: mchemraba huzungushwa nyuzi 45, kisha hutazamwa kutoka juu kwa mwinamo wa nyuzi 35 na robo hivi, na kingo zake zote hufupika kwa kiwango kimoja, hadi takribani asilimia 82 ya urefu halisi. Fundi anaweza kuweka rula juu ya mchoro kama huo na kupata kipimo kwenye kila mmoja wa mihimili mitatu. Perspektivu haimpi nafasi hiyo, lakini humwonyesha jengo jinsi litakavyomkabili mtu atakayeliingia.

Ni katika perspektivu ambamo jambo la msingi kuliko yote hupuuzwa, nalo ni kwamba uhusiano wa ukubwa kati ya vitu huamuliwa na umbali wa jicho, wala si na lenzi. Nguzo mbili zilizo sawa, moja ikiwa mita 2 kutoka kwa kamera na nyingine mita 4, huonekana ya kwanza ikiwa na kimo mara mbili ya ile ya pili. Kamera ikirudi nyuma mita 10, ya karibu huizidi ya mbali kwa sehemu moja tu ya sita. Kubadilisha urefu wa fokasi bila kuisogeza kamera hupanua au hupunguza tu eneo linaloonekana. Anayekuta chumba chake hakienei kwenye picha, akakimbilia kupanua pembe ya mtazamo, anatibu jambo lisilo chanzo cha tatizo.

Tena, kila perspektivu ina mahali pake halali pa kutazamiwa. Picha yenye pembe ya nyuzi 90 kwa upana, ikichapishwa kwa sentimita 30, huwa sahihi kwa jicho lililo sentimita 15 mbele yake, umbali ambao hakuna mtu anautumia. Ndiyo maana tufe lililo pembezoni huvutika kama yai na chumba kidogo huonekana ukumbi. Kwa pembe ya nyuzi 40, umbali huo hufika kama sentimita 41, ambao ni umbali wa kawaida wa kusomea. Mnunuzi anayeonyeshwa nyumba ambayo bado haijajengwa hana kingine cha kukiamini zaidi ya picha hiyo, kwa hiyo kuchagua pembe ni suala la uaminifu.

Programu huruhusu hata lile lisilowezekana kwa kamera ya kweli: kuisogeza nje ya ukuta na kuufuta ukuta huo kwa bapa la kukatia, yaani mpaka ambao vilivyo mbele yake havichorwi. Faida yake hudhihirika katika jengo kama Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, wenye ukumbi wa kuba na dari za matao ulioongezwa katika karne ya 14, ambao magofu yake yamepimwa kwa skana za leza na mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town. Nguzo zimekaribiana, wala ndani hamna pa kurudi nyuma. Upo pia mtazamo mwingine unaolifaa, nao ni ule ambao Auguste Choisy aliutumia katika historia yake ya usanifu majengo ya mwaka 1899, wa kulitazama jengo kwa mistari sambamba kutoka chini ya ardhi kwenda juu. Nguzo huonekana zikianzia kwenye ramani ya sakafu na kupanda hadi kwenye kuba zinazobebwa nazo, vipimo vikibaki katika skeli moja, na mhifadhi anayetaka kujua uzito wa kuba fulani ulibebwa na nguzo zipi huusoma katika mchoro mmoja, jambo ambalo picha ya kamera iliyosimama sakafuni haiwezi kumpa.