Salamu za Wasichana Wawili

Burundi inajulikana duniani kwa ngoma zake, na ni haki yake. Lakini muziki wa nchi hii unaonishangaza kuliko wote hauna ngoma hata moja. Ni salamu ya wanawake wawili. Inaitwa akazehe.

Wanawake waliopoteana siku nyingi wanakutana, wanashikana, na badala ya kujuliana hali kwa maneno makavu wanaimbiana. Mmoja anaongoza, kazi ambayo Warundi huiita gutera. Mwenzake anapokea, yaani kwakira, na ugumu wote umekaa hapo, maana hangoji mwenzake amalize ndipo ajibu. Anaingia katika nafasi ndogo kabisa zilizobaki kati ya silabi na silabi, kwa kasi, mpaka sauti mbili zinasukana kama miyaa ya ukili na msikilizaji hatambui tena ipi ni ya nani. Sauti inatoka kifuani, inaruka ghafla juu kichwani, inashuka tena kabla hujaizoea. Na katikati ya mbio hizo kuna heri na dua, kuna kuulizana habari za nyumbani. Mpiga piano ana mikono miwili inayotii kichwa kimoja. Hapa vichwa ni viwili, na asiyeujua wimbo wa mwenzake barabara hawezi kuuimba wake.

Mimi nawaita wanawake hawa watunzi, bila kusita. Kanuni za salamu ni za mapokeo, lakini kuzipanga papo hapo, mbele ya mtu huyu na kwa siku hii, ni kutunga.

Mwaka 1967 Michel Vuylsteke alirekodi muziki katika Burundi, na kazi yake ikatolewa kwenye santuri Ufaransa na lebo ya Ocora. Katika santuri ile zimo akazehe mbili. Ya kwanza imeandikwa kwamba imeimbwa na msichana mmoja, ya pili na wasichana wawili. Basi. Hakuna jina, hakuna mzazi, hakuna kilima cha nyumbani. Yule wa kwanza, peke yake, anaipindua sauti yake juu na chini hata unahisi kuna mwenzake aliyesimama karibu. Wale wawili wanakwenda kwa usawa ambao bendi nyingi zenye miaka ya mazoezi hazijaufikia. Nimewasikiliza mara nyingi, na kila mara hutamani kuwaita kwa majina, nami sina jina la kuita.

Ngoma za santuri hiyohiyo zilikwenda mbali. Mwaka 1971 mwanamuziki wa Ufaransa, Michel Bernholc, alizichukua, akaziwekea gitaa na kinanda, zikatoka kwa jina la Burundi Black na kuingia katika chati za Uingereza. Mwaka 1975 Joni Mitchell alizitumia ngoma za Burundi katika wimbo wake The Jungle Line. Hata wapigaji wa ngoma hizo hawakutendewa haki, lakini ngoma zao angalau zilibeba jina la nchi. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka ngoma ya kifalme katika orodha ya urithi wa binadamu. Mwaka 2017 amri ya Rais ikawakataza wanawake kuipiga, ikawaachia kucheza tu. Katazo hilo naliona kuwa dhuluma. Na wale walioamua kwamba sanaa ya wanawake ni pembezoni hawajawahi, nadhani, kuisikiliza akazehe hadi mwisho.

Sisemi kwamba hakuna mwanamke wa Burundi aliyesikika. Khadja Nin, aliyezaliwa 1959, aliimba kwa Kiswahili, Kirundi na Kifaransa, na albamu yake Sambolera ya 1996 ilivuka mabara. Yeye alikuwa na jina kwenye jalada. Jina ndilo lililotufanya tumfuate na kumdai nyimbo nyingine.

Hapa Bujumbura akazehe inazidi kuwa adimu. Wengi wanaihesabu kuwa kitu cha vilimani, cha zamani. Ukipita Buyenzi, jirani na soko la Ruvumera, utasikia salamu za Kiswahili, za Kirundi, za Kifaransa, zote fupi, watu wana haraka na biashara zao. Silaumu haraka hiyo. Lakini katika mji huu huu wapo akina mama na mabibi waliokuja kutoka Gitega, Ngozi au Bururi, wanaoijua akazehe na ambao hakuna aliyewaomba waimbe.

Waombeni. Simu mnazo mifukoni. Mkalisheni bibi na dada yake au jirani yake, muwaachie muda, mrekodi. Kisha, kabla hamjamtumia mtu yeyote sauti hiyo, mkiwa na ruhusa yao, andikeni majina yao kamili, kilima walikozaliwa, nani aliongoza na nani alipokea.