Mia Tatu, Si Mia Tano Sabini na Sita

Namba 4 hugawanyika katika mafungu ya namba kamili chanya kwa njia 5 tu: 4 yenyewe; 3 na 1; 2 na 2; 2, 1 na 1; kisha 1 mara nne. Ukifika 100, njia ni 190,569,292. Mwaka 1918 G. H. Hardy na Srinivasa Ramanujan walichapisha kanuni ya kukadiria idadi hiyo bila kupitia njia moja moja. Walikuwa wanahisabati tu. Habari za nyuzi hawakuwa nazo.

Katika nadharia ya nyuzi ya awali kabisa, uzi hutetemeka katika mielekeo 24, na kila namna ya kutetemeka ni chembe ya aina yake. Namba ya ngazi ya nishati hugawanywa kwa mitetemo kama 4 ilivyogawanywa kwa mafungu. Ngazi ya kwanza ina namna 24. Ngazi ya pili, mtetemo mmoja wa daraja la pili hutoa 24, na mitetemo miwili ya daraja la kwanza hutoa 300. Jumla 324. Ya tatu 3,200. Ya nne 25,650. Hiyo 300 naipenda mno. Mwenye haraka angezidisha 24 kwa 24 akaandika 576, asikumbuke kwamba mitetemo miwili ikibadilishana nafasi hakuna kilichobadilika. Hesabu zote za ngazi za juu zingeharibikia hapo.

Sasa tia joto. Katika takwimu za joto, kila hali hupewa uzito, na uzito hupungua kwa kasi kadiri nishati inavyozidi. Kwa gesi ya kawaida kupungua huko hushinda daima. Kwa uzi, idadi ya hali huongezeka kwa kasi ya aina ile ile, na ipo halijoto ambapo ongezeko hushinda na jumla haifiki kikomo. Rolf Hagedorn alilikuta jambo hili CERN mwaka 1965, akichunguza chembe zizaliwazo katika migongano, nadharia ya nyuzi ikiwa bado haijazaliwa. Ongeza nishati, utapata chembe nyingi na nzito zaidi. Halijoto hukwama, kama maji yanayochemka sufuriani.

Joseph Atick na Edward Witten waliuliza mwaka 1988 kuna nini ng'ambo ya kiwango hicho, yaani halijoto ya Hagedorn. Kihisabati, joto huelezwa kwa kuukunja wakati uwe duara, na joto likipanda duara hupungua. Chembe ya nukta haiwezi kujiviringisha kwenye duara hilo, uzi unaweza. Halijoto ya Hagedorn ikifika, uzi uliojiviringisha hubaki bila tungamo, na ikipitwa, ombwe lenyewe hukosa utulivu.

Ombwe likianguka, kuhesabu uzi mmoja mmoja hakutoshi. Inatakiwa nadharia ya uga wa nyuzi, inayoruhusu ombwe kubadilika. Kwa nyuzi zilizo wazi, yaani zenye ncha mbili, zisizo na joto, Martin Schnabl alipata ombwe tulivu kwa usahihi kamili mwaka 2005, ndani ya nadharia iliyojengwa na Witten mwaka 1986. Kwa nyuzi zilizofungika kama pete, zenye joto, kazi hiyo bado haijakamilika.