Heko kwa Walioiandika The Wire

Wanaostahili heko kwanza ni waandishi wa The Wire, tamthilia ya HBO ya 2002 hadi 2008. David Simon alikuwa mwanahabari jijini Baltimore. Mwenzake Ed Burns alikuwa mpelelezi wa polisi, kisha mwalimu. Waliyaandika waliyoyaona.

Mtazame Bubbles, mraibu wa heroini. Kwingine angekuwa pambo la umaskini, au angeuawa mapema ili tulie. Hawa walimvumilia misimu 5: anaanguka, anadanganya, anampoteza kijana aliyemchukua kama mwanawe, na hatimaye dada yake anamruhusu kupanda kutoka chumba cha chini akale na familia. Andre Royo alimwigiza kwa ustadi mkubwa, lakini subira ile ni ya waandishi, na ndiyo ninayoipenda kuliko yote.